Mgongo wa Mkono

Mwanga huingia wodini kupitia madirisha ya juu, saa mbili asubuhi, mwembamba kama mkeka uliokunjwa. Kisha hujikunjua. Huanzia kitanda cha mlangoni, hupanda shuka, hupita juu ya magoti yasiyojua kuwa yamepitiwa, hushuka upande wa pili, huvuka kijia cha sakafu, hupanda kitanda kinachofuata. Ndani yake vumbi huogelea. Watu kumi na wanne wamelala, na wote kumi na wanne wanautazama, kwa sababu katika chumba kile hakuna kingine kinachosogea bila kusukumwa.

Wao hawasogei. Mwanga husogea kwa niaba yao.

Muuguzi mpya aliuonea wivu mwanga ule. Ulipita juu ya kila mtu bila kuinama. Ulimgusa kila mtu bila kuumwa kiuno.

Yeye kiuno kilimuuma. Ulikuwa mwezi wake wa tano ndani ya sare. Alitoka chuoni na cheti chenye muhuri, na moyo uliofurika hadi ukimtikisa unamwagika. Alikuwa amejiapiza. Hatakuwa muuguzi wa kufoka. Hatamwita mtu kwa namba ya kitanda. Atawashika watu kama watu. Kiapo hicho alikitimiza, nacho kikamla taratibu, kama panya alavyo gunia, kuanzia kwenye kona. Jioni alipofika chumbani kwake alikaa sakafuni kuvua viatu, kwa kuwa kuinama mara moja zaidi kulikuwa ni kuuomba mgongo kitu ambacho haukuwa nacho tena.

Maana kazi ya wodi ile ni kugeuza. Watu husikia neno uuguzi wakafikiria sindano, dawa, kipimo cha homa. Hivyo vipo. Lakini humo ndani kazi ni kugeuza. Wewe msomaji, usiku wa jana uligeuka mara ngapi? Hujui. Mwili wako ulijua. Mfupa ulilalamika, nyama ikasikia, ukasogea ukiwa usingizini ili damu ipite. Aliyekatika habari na miguu yake hana wa kumwambia sogea. Atalala juu ya nyonga moja kama jiwe juu ya jani, na siku utakapoliinua jiwe, jani halipo. Basi inabidi mtu mwingine awe ndiko kujigeuza kwake.

Saa mbili kulia. Saa nne chali. Saa sita kushoto. Saa nane kulia. Saa kumi chali.

Ratiba hiyo ilining'inia miguuni pa kila kitanda, karatasi yenye visanduku. Ukimgeuza mtu unaandika upande, unatia saini. Vitanda kumi na vinne, mara tano kwa zamu, wauguzi wawili. Wakubwa waliiita kazi ya kawaida. Mgongo wa muuguzi mpya uliiita jina jingine, lisiloandikika.

*

Kitanda cha mwisho kilikuwa pembeni kabisa. Aliyekilalia alikuwa na ukuta upande wake wa kulia, na wodi nzima pamoja na mlango upande wake wa kushoto. Walimwita Fundi Rangi.

Fundi Rangi alianguka kutoka ngazini, ghorofa ya tatu, brashi mkononi, na alipofika chini brashi ilikuwa bado mkononi. Aliisimulia mwenyewe, kwa majivuno. "Rangi haikumwagika," alisema. "Nilimwagika mimi."

Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa na habari. Lakini mikono yake, iliyozoea kupanda, ilibaki na nguvu za watu wawili, naye hakuwa bahili nazo. Alishika chuma cha pembeni akavuta, na anayemgeuza akavuta lile shuka dogo la kugeuzia lililotandikwa chini ya nyonga zake. Kwake yeye mtu mmoja alitosha.

Na Fundi Rangi alikuwa na safari. Kuna kituo, mwendo wa siku nzima kwa gari, ambako watu wasiotembea hufundishwa kuishi: kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kuingia chooni bila kubebwa, kupanda gari, kushika kazi ya mikono wakiwa wamekaa. Mkewe alimwombea nafasi hiyo tangu wiki ya pili ya ajali, barua juu ya barua. Jibu lilikuwa limekuja. Jumatatu ya wiki ijayo, mama mmoja wa kituo atakuja kumtazama, na akimkubali ataondoka naye siku hiyo hiyo. Sharti lilikuwa moja. Kituo hakipokei mwenye kidonda cha kulalia, wala mwenye dalili yake. Mwenye kidonda hakai, na asiyekaa atafundishwa nini?

Ngozi nzima, basi. Ngozi nzima mpaka Jumatatu. Fundi Rangi hakuwa na tiketi nyingine.

*

Zilibaki siku saba. Saa nane ya mchana ule muuguzi mpya alikuja kumgeuza, naye alikuwa amelala kushoto tangu saa sita, akitazama mlango.

"Binti, niache kidogo upande huu."

"Saa nane ni kulia."

"Kulia kuna ukuta. Umeutazama ukuta ule? Ulipakwa na mtu aliyegombana na mkewe asubuhi. Ona michirizi. Nikikodolea macho kitu kile saa mbili nzima, nitakufa kwa aibu ya wenzangu."

Akacheka. Kisha hakucheka.

Alikuwa na mtoto, binti wa miaka saba, waliyemwita Kasuku kwa kuwa hanyamazi. Kila akitoka shule mama yake alimleta, wakafika saa tisa, pengine saa kumi. Siku ya kwanza Kasuku alimkuta baba yake chali, shuka hadi kifuani, macho yamefumba. Mtoto yule asiyenyamaza alisimama mlangoni akawa bubu. Hakuvuka kizingiti. Alidhani baba amekwisha. Siku ya pili alimkuta ameelekezwa ukutani, akaona mgongo, akauliza, "Baba amenuna?"

"Nataka nimwone kabla hajaniona," alisema Fundi Rangi. "Nipate muda wa kuupanga uso. Ni hilo tu, binti. Huu uso ndio uliobaki unaonitii."

Ungefanya nini, wewe, kama moyo wako ni wa kumwagika?

Alimwacha. Alimwacha kushoto mpaka Kasuku alipoingia akiropoka, na baba akawa tayari, uso umepangwa, nyusi juu, tabasamu limenyooka kama mstari wa fundi. Alimwacha mpaka saa kumi. Na katika kisanduku cha saa nane, kwa kuwa kisanduku kitupu huzaa maswali, na maswali huzaa hapana, aliandika: kulia. Akatia saini.

Siku ya pili pia. Siku ya tatu pia. Saa hiyo Mama Shuka, mhudumu aliyezoea kugeuza naye, huwa amekwenda dobini kufuata mashuka, na muuguzi mwenzake huwa upande wa pili na wagonjwa wengine. Hakuna aliyeona. Muda wa saa nne mfululizo juu ya nyonga moja, siku tatu.

Wala hakuwa mzembe. Kila alipotoka zamu alifunua shuka, akaichunguza nyonga ile kama alivyofundishwa. Tafuta wekundu, kitabu kilisema. Kilikuwa na picha, nyonga nyeupe yenye duara jekundu kama muhuri. Ngozi ya Fundi Rangi ilikuwa nyeusi tii, nyeusi inayong'aa. Alitafuta wekundu, hakuuona, akashukuru, akaenda kulala.

Ewe huruma, ulikuwa na mikono laini namna ile. Nani angekushuku?

*

Siku ya nne, asubuhi, saa ya kuosha. Fundi Rangi alikuwa amelazwa kulia, uso ukutani. Nyuma yake walikuwa wawili, muuguzi mpya na beseni, Mama Shuka na kitambaa.

Mama Shuka hakupitia chuo chochote. Alikuwa na miaka mingi wodini kuliko hata Sista Mkuu, msimamizi wa wodi, na aliyajua mashuka yote kwa madoa yake, hili la fulani, hili la yule aliyepona, hili usiniulize. Alipangusa mgongo, akashuka, akafika kwenye nyonga ya kushoto. Kitambaa kikasimama.

Akaugeuza mkono wake. Akaweka mgongo wa mkono juu ya ngozi ile, akatulia kama mtu anayesikiliza ukutani.

"Njoo," alisema. "Siyo kiganja. Kiganja chako kimezoea maji moto, hakijui tena kitu. Mgongo wa mkono."

Muuguzi mpya aliweka. Palikuwa na joto. Akahamisha mkono kwenye paja, pakawa baridi. Akarudisha, joto. Akabonyeza kwa kidole, na chini ya ngozi palikuwa pamekaza, kama donge la unga lililoachwa wazi likafanya ganda.

"Lakini sioni wekundu."

"Utauona wapi, mwanangu, kwenye ngozi hii? Sisi mwili wetu hauwashi taa. Unapata joto, unakaza, unanyamaza. Ukisubiri rangi utakuja kuona shimo."

"Mnanong'ona nini huko nyuma?" alisema Fundi Rangi kwa ukuta wake. "Mimi mwenye mali sina habari."

Mama Shuka alikwenda miguuni, akaivuta karatasi karibu na macho, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Saa nane kulia. Saa nane kulia. Saa nane kulia." Akaiacha karatasi. "Mtu wa kulala kulia hachomwi nyonga ya kushoto."

Hakumtazama binti. Alichukua kitambaa, akakikamua, akakikamua tena ingawa kilikuwa kimekauka.

"Mimi saa nane huwa dobini," alisema. "Sijaona kitu. Magodoro yenyewe haya, unajua yalivyo."

Mlango huo ulikuwa wazi. Godoro halina mdomo. Godoro haliwezi kukana. Muuguzi mpya alisimama na beseni la maji yaliyoanza kupoa, na kwa mara ya kwanza tangu avae sare alijiona amechoka hadi kwenye mfupa, uchovu usio wa mgongo. Kama godoro litalaumiwa, ratiba itabaki ilivyo. Saa sita ya leo mtu mwingine atamlaza kushoto kwa nia njema, juu ya donge lile lile. Usiku pia. Na Jumatatu ilikuwa inakuja.

Aliweka beseni chini. Akaenda.

*

Sista Mkuu alikuwa mwembamba, miwani juu ya paji, sauti isiyopanda. Alisikiliza yote akiwa amesimama, kalamu mkononi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa, Sista."

"Ningebadilisha ratiba." Aligeuza karatasi iliyokuwa mezani, akaonyesha kwa kalamu. "Saa sita kulia. Saa nane kushoto. Basi. Mtoto anamkuta baba yake anatazama mlango, na ngozi inapumzika. Ilikuwa kazi ya kifutio."

Kazi ya kifutio. Muuguzi mpya alitamani angefokewa.

"Nina wakali humu," alisema Sista Mkuu. "Nawajua, nawaangalia. Wewe sikukuangalia."

Kisha akamrudisha kitandani kwa Fundi Rangi, kwenye karatasi yake, akamsimamia. Haifutwi. Inapigwa mstari mmoja ili la kwanza lionekane, na juu yake linaandikwa la kweli. Mara tatu muuguzi mpya aliandika: sikumgeuza. Mara tatu akatia saini.

Na kabla Sista hajamwambia, alizunguka kitanda, akajibana katikati ya kitanda na ukuta, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa usawa wa uso wa Fundi Rangi, akamweleza. Nyonga. Joto. Saa nane.

Fundi Rangi alimtazama, michirizi ya rangi nyuma ya kichwa cha binti yule.

"Mimi ndiye niliyekuomba."

"Wewe huhisi, Fundi. Mimi ndiye niliyepaswa kuhisi."

"Kwa hiyo nyonga yangu imekuandikia barua wewe," alisema. "Mimi huwa hainiandikii."

Alijaribu kuupanga uso, haukupangika.

"Na Jumatatu?"

Kwenye kitanda cha jirani mzee mmoja, waliyemwita mzee wa redio, alipunguza sauti ya redio yake, heshima aliyozoea kuwapa waliofiwa.

*

Kushoto kulipigwa marufuku, mchana na usiku. Kukabaki kulia na chali. Maana yake ukuta na dari, siku nne, na Kasuku angemkuta baba ama maiti ama amenuna.

Ni Mama Shuka aliyesimama, mikono kiunoni, akakitazama kitanda kama anayetazama nguo iliyoshonwa vibaya.

"Kitanda hakina kichwa," alisema. "Mwenye kichwa ni mtu."

Akachukua mto, akaupeleka miguuni.

Ilichukua watu wanne na dakika kumi, na Fundi Rangi akiwaelekeza kama vibarua wake. Walimzungusha, kichwa kikaja miguuni, miguu ikaenda kichwani. Sasa wodi nzima ilikuwa upande wake wa kulia, na ukuta ukabaki kushoto, kule kusikolaliwa. Tangu hospitali ile ijengwe vitanda vyote vilielekeza vichwa ukutani, safu nzima, kama meno. Sasa jino moja lilikuwa limegeuka. Sista Mkuu alishusha miwani, akatazama.

"Nilidhani ni sheria," alisema. "Kumbe ni mazoea."

Karatasi ya ratiba ikabaki inaning'inia pale pale, ila sasa pale palikuwa karibu na uso wake. Fundi Rangi aliisoma yote. Alisoma mistari mitatu iliyopigwa, alisoma "sikumgeuza" mara tatu. Tangu hapo hakungoja kuambiwa. Saa nne ikifika alisema saa nne. Saa sita ikifika alisema saa sita, kwa sauti ile ya kumwitia kibarua ndoo, na muuguzi mpya alikuja.

Kasuku alipoingia siku hiyo alisimama mlangoni, akainamisha kichwa upande mmoja, akainamisha upande wa pili.

"Baba, umelala kinyume."

"Wao ndio waliolala kinyume. Waulize."

Mtoto akaenda kitanda kwa kitanda akiwauliza. Wodi ilicheka, wale wenye pumzi za kucheka.

*

Zikafuata siku za mgongo wa mkono.

Saa mbili, mgongo wa mkono. Saa nne, mgongo wa mkono. Aligeuza watu kumi na wanne, na sasa kila mmoja alimgusa hivyo, visigino, viwiko, mifupa ya nyuma ya kichwa, mahali ambapo kitabu chake kilikuwa na picha na mahali ambapo hakikuwa. Aligundua kisigino cha mzee wa redio kinaanza kupata joto, akaweka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kikaelea hewani. Aligundua kwamba alikuwa amewatazama watu hawa miezi mitano bila kuwagusa vizuri. Aliwapenda kwa macho.

Na uchovu haukupungua. Nani kasema ukijua kazi inakuwa nyepesi? Ilizidi uzito, kwa sababu sasa kila nyonga ilikuwa na sauti. Ewe mgongo, alisema moyoni akivuta shuka la mtu wa tisa, vumilia wa kumi. Ewe mgongo, wa kumi na moja. Mgongo haukujibu. Nao ulikuwa umejifunza kunyamaza.

Siku ya tano joto lilikuwepo. Siku ya sita, asubuhi, aliweka mkono, akauondoa, akauweka tena. Pamepoa. Alisimama pale akiwa ameushika ukingo wa kitanda mpaka Fundi Rangi akauliza kama amelala.

"Joto limeondoka, Fundi."

"Na lile donge?"

Akabonyeza. "Lipo. Limepungua."

"Lipungue haraka. Lina siku mbili."

Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuja. Sista Mkuu alimkuta koridoni anafunga aproni.

"Unadhani wewe peke yako ndiye mwenye mikono?"

"Sista, naangalia tu."

"Umeshamwonyesha mwenzako pa kugusa?"

"Nimemwonyesha."

"Basi nenda ukalale. Ukianguka humu atakugeuza nani?"

Akaenda. Hakulala. Alilala ubavu wa kulia, akajigeuza kushoto, akajigeuza chali, na kila alipogeuka alijisikia akigeuka, na akaona haya, kana kwamba anakula mbele ya mtu mwenye njaa.

*

Jumatatu mama wa kituo alifika akiwa na viatu vya kutembea na kucha fupi. Mke wa Fundi Rangi alikuwa ameshafika, begi limefungwa, limewekwa juu ya kiti kama mgeni. Mashati mawili, sabuni, taulo, kandambili ambazo hakuna aliyemuuliza za nini.

Mama wa kituo alisalimia wodi nzima, kisha akasema naomba nimwone. Walimfunua. Hakutazama kwanza. Alileta mgongo wa mkono.

Muuguzi mpya aliona mkono ule ukishuka, akajua kwamba huyu hadanganyiki, na hakujua kama afurahi.

Mkono ulikaa. Kidole kikabonyeza, kikasubiri, kikabonyeza pembeni, kikarudi. Mama yule akachukua karatasi, akasoma kuanzia juu.

"Nani ameandika hapa, sikumgeuza?"

"Mimi."

Akamtazama, wala si kwa ukali. Akarudisha karatasi kwenye ndoano yake.

"Joto hakuna," alimwambia Fundi Rangi, yeye mwenyewe, si watu waliomzunguka. "Wamekuhudumia. Lakini ndani bado pamekaza, kama punje ya haragwe. Safari yetu ni kukaa siku nzima. Tukifika patakuwa pamefunguka, na pakifunguka utalala miezi. Siwezi kukuchukua leo."

"Punje ya haragwe," alisema Fundi Rangi.

"Nafasi ya leo nitampa anayefuata. Mwezi ujao ninarudi. Nikikuta pamelainika, tunaondoka."

Alimpa mkono. Fundi Rangi akaupokea, kwa mkono wake wa kupanda ngazi, akaubana sana, akauachia. Alifumba macho, na safari hii hakuficha kitu, uso aliuacha ulivyo.

Muuguzi mpya alimkuta mkewe koridoni, amesimama na begi, akitazama uwanja wa hospitali ambako gari la kituo lilikuwa linatoka.

"Dada, nisamehe."

Mwanamke yule alilisindikiza gari kwa macho mpaka likakata kona.

"Mwezi," alisema. "Kasuku ameshawaambia darasani baba yake ameenda kusoma."

"Ni kosa langu. Si lake."

"Najua. Ameniambia. Ameniambia na alivyokuomba." Akahamisha begi kutoka mkono huu kwenda ule. "Ulimhurumia. Mimi pia ningemhurumia. Ningemwacha hivyo hivyo, amtazame mwanawe. Ndiyo maana sare hiyo hawakunipa mimi."

Hakulisema kwa hasira. Lingekuwa la hasira, lingeuma kwa nje.

Kisha akamkabidhi begi.

"Liweke humu ndani. Silirudishi nyumbani, nikilirudisha nitalifungua. Aliondoe yeye, akienda."

Muuguzi mpya alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa jepesi kuliko alivyofikiri. Alilibeba hadi kwenye kabati la kitanda cha mwisho, akalisukuma ndani, akafunga mlango wa kabati, na kazi ilikuwa ikimngoja, kumi na watatu wengine, maji, mikojo, dawa, vitambaa. Akafanya. Mguu mmoja mbele ya mwingine, kama afanyavyo aliye na miguu.

*

Mchana mwanga ukafika kitanda cha mwisho.

Ulikuwa umevuka watu wote, umechoka kidogo, umekuwa wa rangi ya asali. Ulipanda shuka la Fundi Rangi, ukatanda juu ya nyonga zake, na vumbi ndani yake lilikuwa tuli. Muuguzi mpya aliutazama, na hakuuonea wivu tena. Unapita juu ya kila mtu, alifikiri. Haumwinui hata mmoja.

Fundi Rangi alikuwa chali, macho darini. Asubuhi yote hakuwa ametaja saa.

"Saa nane," alisema.

Sauti ilikuwa kavu. Haikuwa imesamehe, haikuwa imekataa kusamehe. Ilikuwa inataja saa.

Akapeleka mkono, akashika chuma. Muuguzi mpya aliinama, mgongo ukapiga kelele zake, akashika shuka la kugeuzia kwa vidole kumi. Akavuta. Fundi akavuta. Nyonga ile nzito, isiyojua, ikainuka kutoka kitandani, na vumbi lililotulia ndani ya mwanga likatimka, likazunguka juu yao wote wawili, juu ya kichwa cha Fundi na kofia ya muuguzi, hata ungeona kwa mbali usingejua nani anageuzwa.

Akaweka mito. Akaweka mgongo wa mkono, pale, akaungoja. Pamepoa. Pamekaza kidogo. Akachukua kalamu, na katika kisanduku cha saa nane akaandika: kulia.

Fundi Rangi alilisoma neno hilo lilipokuwa bado bichi. Kisha akauelekeza uso mlangoni. Ilibaki saa moja Kasuku afike. Mwanga ulikuwa shavuni mwake, na vumbi lilikuwa bado linatembea, na yeye, taratibu, kama mtu anayeweka ngazi kwenye ukuta mrefu, akaanza na nyusi.